Nani Aliyesema Ndiyo?

Mzee mmoja wa Ngokolo, katika Manispaa ya Shinyanga, alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Mpwa wake alikamatwa katika machimbo ya dhahabu upande wa Geita, akashtakiwa kwa makosa mawili, na moja katika hayo, la kutakatisha fedha, halina dhamana. Kijana akabaki mahabusu akingoja upelelezi ukamilike. Mzee hakutuuliza kama mpwa wake ana hatia au hana. Alisema hilo ni la hakimu, si lake wala si letu. Aliuliza jambo jingine: "Sheria hii ya kumweka mtu ndani kabla hajahukumiwa ilipitishwa na watu tuliowatuma sisi wenyewe. Basi ni nani katika wao aliyesema ndiyo, na ni nani aliyesema siyo?"

Swali hili ni jepesi kulisikia, lakini ni zito kulijibu. Atakayefungua Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge akitafuta jibu lake, kwa miswada mingi atakuta maneno machache tu: hoja imetolewa iamuliwe, hoja imeamuliwa na kuafikiwa, muswada umesomwa mara ya tatu na kupitishwa. Hakuna majina. Hotuba zimo, na pongezi zimo, na makofi yameandikwa katika mabano. Lakini kura, ambayo ndiyo tendo lenyewe, haina mwenyewe.

Leo twataka kusema juu ya jambo hili, kwa kuwa sheria za jinai si kama sheria nyingine. Sheria ya kodi humgusa mtu mfukoni. Sheria ya jinai humgusa mwilini: humtoa nyumbani kwake, humtenga na watoto wake, na kwa kosa la mauaji yaweza kumtoa uhai. Kwa hiyo yatupasa sisi wananchi, na hasa sisi tulio wanachama na wafanyakazi, tujue jinsi sheria hizo zinavyopimwa na kupigiwa kura. Tukisha kujua, yatupasa tudai kwamba kila anayezipigia kura aweke jina lake.

NJIA YA MUSWADA

Kwanza tuieleze njia yenyewe, maana wengi wetu huiona sheria siku inapotufikia mlangoni. Muswada wa Serikali hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na kwa desturi ya kanuni huwa zimepita siku 21 kabla haujasomwa Bungeni mara ya kwanza. Kusomwa mara ya kwanza ni kutajwa jina tu, mjadala haujaanza. Baada ya hapo muswada hupelekwa katika Kamati ya Kudumu inayohusika, na kwa mambo ya jinai mara nyingi huwa ni ile kamati inayoshughulika na katiba na sheria. Hapo ndipo kazi ya kweli inapopaswa kufanyika. Kamati humwita waziri aeleze, huwaita wadau watoe maoni, na huchambua kifungu baada ya kifungu.

Kisha muswada husomwa mara ya pili. Waziri hutoa hoja, kamati hutoa taarifa yake, na wabunge hujadili. Mjadala ukimalizika, Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima na kupitia ibara moja moja. Mbunge mwenye nia ya kubadili neno hupeleka jedwali la marekebisho kwa maandishi. Mwisho muswada husomwa mara ya tatu na kupitishwa, ukapelekwa kwa Rais. Katiba, katika ibara ya 97, yampa Rais uwezo wa kuukubali au kuukataa na kuurudisha pamoja na sababu zake. Akisha kutia saini, muswada huwa sheria, na polisi wa Ngokolo na hakimu wa Geita hawana hiari tena ila kuifuata.

Njia hii ni nzuri. Waliyoiweka walijua kwamba jambo zito hupimwa zaidi ya mara moja. Laiti ingefuatwa kwa ukamilifu wake kila mara, tusingekuwa na mengi ya kusema. Lakini zipo njia tatu za mkato, nazo ndizo zinazotuhangaisha.

Ya kwanza ni hati ya dharura. Rais akitia saini hati hiyo, zile siku 21 hazingojwi. Muswada waweza kuingia na kutoka katika muda wa siku chache. Wananchi wa ukanda wetu wa dhahabu wanaikumbuka miswada mitatu ya mali asilia na madini ya mwaka 2017, iliyopelekwa kwa hati ya dharura mwishoni mwa Juni na kupitishwa mwanzoni mwa Julai. Hatupingi nia yake, kwa kuwa kilio cha Bulyanhulu na Geita juu ya dhahabu iliyokuwa ikiondoka bila faida ya kutosha kilikuwa kilio cha haki. Twasema tu kwamba hata jambo jema likienda mbio, waliolililia hawapati nafasi ya kulitazama usoni. Na ikiwa ni hivyo kwa madini, je, itakuwaje kwa muswada unaohusu kifungo?

Ya pili ni ile miswada iitwayo ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Ndani ya muswada mmoja mtu atakuta sheria kumi na zaidi zinarekebishwa pamoja: hapa neno la usajili, pale ada ya leseni, na katikati yake kifungu cha dhamana au cha adhabu. Mbunge mwenye juhudi atakiona. Mwingine atakipita kama mtu apitavyo jiwe dogo njiani. Kifungu cha kumnyima mtu uhuru wake hakistahili kusafiri ndani ya gunia moja na vifungu vya ada.

Ya tatu ni kura ya sauti. Mwenye kiti huuliza: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Kisha hutoa uamuzi kwa kadiri alivyosikia. Kwa mambo madogo, njia hii yafaa, maana huokoa wakati. Lakini kwa sheria ya jinai huwa ni pazia. Nyuma ya pazia hilo, aliyesoma muswada na asiyeusoma ni sawa. Aliyekuwamo ukumbini na aliyetoka kunywa chai ni sawa. Na aliyesema ndiyo kwa kuamini hatofautiani na aliyesema ndiyo kwa kuchoka.

TULIYOYAONA

Pengine msomaji atasema kwamba twaogopa kivuli. Basi na tutazame yaliyokwisha tokea, na tusiende mbali na kwetu.

Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola vilitumwa kukomesha mauaji ya watu walioshukiwa uchawi. Nia ilikuwa njema, kwa sababu vikongwe walikuwa wakiuawa. Lakini watu walikamatwa kwa wingi, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowashika. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani wa siku zile, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa kubeba dhamana ya kisiasa ya mambo ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Heshima aliyoipata kwa tendo lile haikumwacha, na baadaye akawa Rais wa nchi hii. Sisi wa Shinyanga tuna somo letu hapo. Palipokuwa na mtu mwenye jina aliyesema "hili ni langu", wananchi walimwelewa. Kubeba jukumu hakumwangushi kiongozi.

Ikaja mwaka 1983. Maduka yalikuwa matupu, sukari na sabuni zilikuwa zimefichwa, na Waziri Mkuu, Hayati Edward Sokoine, akaongoza vita dhidi ya walanguzi. Wananchi walifurahi, nasi hatusemi kwamba hawakuwa na sababu ya kufurahi. Msako ulianza mwezi Machi. Sheria yenyewe, ile ya Uhujumu Uchumi yenye masharti maalumu, ilipata saini mwezi Mei, ikarudishwa nyuma ihesabiwe kuwa ilianza kazi Machi 25. Maana yake ni kwamba watu walikamatwa kwanza, na sheria ya kuwahukumu ikafuata. Sheria ile iliunda baraza maalumu la kusikiliza mashtaka hayo. Mshtakiwa hakuruhusiwa wakili, wala dhamana, wala rufaa katika mahakama za kawaida.

Haikudumu. Mwaka uliofuata, 1984, Bunge lile lile liliifuta na kuweka mahali pake Sheria ya Kudhibiti Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa, iliyorudisha mashauri hayo chini ya Mahakama Kuu. Mwaka huo huo Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu, na ndani yake likaandikwa katazo la kumwadhibu mtu kwa tendo ambalo halikuwa kosa siku alipolitenda. Twauliza: kama jambo lilistahili kufutwa baada ya mwaka mmoja, je, halikustahili kupimwa kwa mwezi mmoja zaidi kabla ya kupitishwa? Waliokaa ndani katika mwaka ule hawakurudishiwa siku zao.

Upande wa pili wa mizani upo mfano wa Sungusungu, nao ni wa kwetu hasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, bunduki zilikuwa zimezagaa na wezi wa ng'ombe walikuwa wakisumbua vijiji. Wakulima wa upande wa Kahama na Nzega hawakungoja. Walijipanga kwa pinde na mishale, wakaweka viongozi wao, na yowe likipigwa kila mwanamume alitoka. Serikali iliwatazama kwa macho mawili: wengine waliwasifu, na wengine waliwashtaki mahakamani walipovuka mpaka. Ndipo mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo, na walinzi wa jadi wakapewa mamlaka ya kukamata mfano wa yale ya polisi.

Hapo Bunge lilifanya jambo la busara, nalo ni kukifuata kitu kilichokwisha jaribiwa na wananchi wenyewe. Lakini hata hapo twaona upungufu. Sheria iliwapa walinzi mkono wa kukamata, ila haikueleza kwa urefu uleule mipaka ya mkono huo. Ndiyo maana kwa miaka mingi baadaye pamesikika malalamiko ya watu waliopigwa, waliotozwa faini zisizo na stakabadhi, au waliotengwa na kijiji kizima bila kusikilizwa. Kama mkulima aliyewahi kulindwa na Sungusungu, na mkulima mwingine aliyewahi kupigwa nao, wangaliitwa wote wawili mbele ya kamati, sheria ingalitoka ikiwa na pande zote mbili.

DHAMANA

Sasa turudi kwa mzee wa Ngokolo na mpwa wake. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu cha 148, yataja makosa ambayo mahakama haina ruhusa ya kuyapa dhamana. Yamo mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, na mengine yaliyoongezwa kwa nyakati mbalimbali, kama vile kutakatisha fedha. Hakimu aweza kuona kwamba mshtakiwa ni mtu wa makazi maalumu, ana mke na watoto, na hana nia ya kukimbia. Hata hivyo hawezi kumpa dhamana, kwa kuwa Bunge limekwisha mfunga mikono.

Kifungu hicho kimepelekwa mahakamani mara nyingi. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililoanzia mkoani Mara, ilibatilisha sehemu yake moja. Mwaka 2018 mahakama hiyo ikakubali kwamba sehemu nyingine, iliyompa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kuzuia dhamana kwa cheti tu, ilipingana na Katiba. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ikaona kwamba hata ile orodha ya makosa yasiyo na dhamana haipatani na Katiba. Lakini mwezi Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na orodha ikabaki.

Twawaheshimu majaji, na hatuko hapa kuwahukumu. Lakini maana ya uamuzi ule wa mwisho ni wazi kwa kila mtu. Mlango wa mahakama umefungwa katika jambo hili, na mlango uliobaki ni wa Bunge. Orodha iliandikwa na Bunge, iliongezwa na Bunge, na ni Bunge litakaloipunguza au kuiacha. Kwa hiyo swali la mzee yule, nani alisema ndiyo, si swali la udadisi. Ndilo swali lenyewe.

Hali ni hiyo hiyo kwa adhabu ya kifo. Kwa kosa la mauaji, sheria yetu haimwachii jaji nafasi ya kuchagua adhabu. Mwezi Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha jaji namna hiyo ni kuvunja haki ya kuishi. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imekwisha kata neno kama hilo kwa nchi yake mwezi Desemba 2017. Mtu aweza kuipenda adhabu hiyo au kuichukia. Sisi wa ukanda huu tuliona mwaka 2009, Mahakama Kuu ilipokaa Kahama na kuwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto mwenye ualbino, na wengi walisema wamestahili. Hatuwalaumu waliosema hivyo, kwa kuwa uchungu ule ulikuwa wa haki. Lakini kumpa jaji uwezo wa kupima si kumwachilia mwuaji. Ni kukubali kwamba mashauri mawili hayafanani, na hili nalo ni la Bunge kuliamua kwa kura iliyo wazi.

WANAOPINGA

Zipo hoja tatu tunazozisikia kila jambo hili linapotajwa, nazo zastahili majibu.

Wa kwanza husema kwamba wahalifu hawangoji, kwa hiyo sheria nazo zisingoje. Twajibu kwamba mwizi hakamatwi na muswada. Hukamatwa na polisi mwenye gari na mafuta, na mwananchi asiyeogopa kutoa ushahidi. Dharura ya kweli yaweza kuwapo, mathalan nchi ikivamiwa. Lakini kosa ambalo limekuwapo miaka kumi haliwi dharura katika wiki moja. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na hakuna pahali neno hilo lilipo kweli kuliko katika sheria ya kifungo.

Wa pili husema kwamba mbunge ana nidhamu ya chama, na jambo likisha kukubaliwa katika kamati ya wabunge wa chama, hakuna haja ya majina. Hili twalisema waziwazi kwa kuwa ni la nyumbani kwetu. Nidhamu ni kitu kizuri, na chama kisicho na nidhamu ni kundi la watu sokoni. Lakini nidhamu ni kujadiliana kwa uhuru kwanza, kisha kusimama pamoja kwa uwazi. Kama chama kimeamua, basi mbunge wake aandike jina lake kwa fahari chini ya uamuzi huo. Anayeona haya kuandika jina lake ametuambia tayari kwamba hakuuamini. Isitoshe, kura ya majina humsaidia pia aliye mtiifu, kwa sababu akirudi jimboni haitasemwa kwamba alilala.

Wa tatu husema kwamba mwananchi wa kawaida hafahamu sheria, na ukimwuliza utapata kelele tu. Hoja hii haina aibu. Kwa miaka mingi sheria zetu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mtu wa Ngokolo aliambiwa kwamba kutoijua sheria si utetezi, ilhali sheria yenyewe haikuandikwa kwa lugha yake. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha jambo hilo, na Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi sababu ya zamani imekwisha. Mtu aliyepanga zamu za Sungusungu, akagawa maji ya lambo kati ya koo tatu, na kuamua mgogoro wa mipaka ya shamba, hashindwi kufahamu muswada alioandikiwa kwa lugha yake.

TUNAYOYATAKA

Hatupendi kulalamika bila kusema tunachotaka. Twataka mambo manne.

Kwanza, muswada wowote unaounda kosa jipya la jinai, au kuongeza adhabu, au kugusa dhamana, upigiwe kura ya majina wakati wa kusomwa mara ya tatu, na majina hayo yachapishwe. Hili si jambo geni. Bunge letu hupiga kura za majina katika mambo mengine makubwa, kama vile bajeti na mabadiliko ya Katiba. Huko Marekani, katika majimbo mengi, katiba zao hutaka kura ya mwisho ya kila muswada iandikwe kwa majina, wa ndiyo na wa hapana. Nchi ile ina makosa yake mengi katika mambo ya magereza, wala hatuiigi katika hayo. Lakini mwananchi wa huko akiuliza swali la mzee wa Ngokolo, hujibiwa siku hiyo hiyo.

Pili, vifungu vya jinai visichanganywe katika miswada ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, wala visipelekwe kwa hati ya dharura, ila pale usalama wa nchi unapokuwa hatarini kweli. Na ikiwa hivyo, sheria hiyo iwe na ukomo wa muda, irudi Bungeni ipimwe upya.

Tatu, muswada wa jinai uje na hesabu yake. Waziri aeleze: watu wangapi wanatazamiwa kufungwa au kuwekwa mahabusu kwa ajili yake, watalala wapi, watalishwa kwa fedha ipi, na polisi na mahakimu wa kuifanya kazi hiyo wako wapi. Yapo majimbo huko Marekani yanayodai hesabu ya namna hiyo, na jimbo la Iowa tangu mwaka 2008 hudai pia maelezo ya jinsi muswada utakavyowagusa watu wa makundi madogo. Sisi nasi tungependa kuelezwa jinsi muswada utakavyomgusa mchimbaji mdogo, mfugaji, mama ntilie, na kijana wa bodaboda, kwa kuwa hao ndio wanaojaa mahabusu.

Nne, kamati zisingoje wadau waende Dodoma tu. Nauli ya kutoka Shinyanga hadi Dodoma na siku mbili za kazi zilizopotea ni gharama kubwa kwa mfanyakazi, na kwa mchimbaji ni kubwa zaidi. Kamati ije Shinyanga, ije Geita, ikae katika ukumbi wa kawaida na kuwasikiliza askari, hakimu wa mahakama ya mwanzo, mzee wa Sungusungu, na mtu aliyewahi kukaa mahabusu kisha akaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Mwezi Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya kuangalia haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikatoa taarifa yake mwezi Julai mwaka huo. Tume ile ilizunguka nchi na kuwasikiliza watu. Kama Tume iliweza, kamati za Bunge zaweza.

WAJIBU WETU

Hata hivyo, tusiwatupie wabunge mzigo wote. Muswada hutangazwa hadharani. Ni matawi mangapi ya chama yaliyowahi kuusoma hata mmoja katika kikao? Ni matawi mangapi ya vyama vya wafanyakazi, katika migodi na viwanda vya pamba, yaliyowahi kumwandikia mbunge barua juu ya kifungu? Tumezoea kumwuliza mbunge wetu juu ya barabara, zahanati na kisima, na ni haki yetu. Lakini hatumwulizi alipiga kura gani juu ya uhuru wetu, kwa kuwa kila mmoja hudhani sheria ya jinai ni ya mwenzake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwaka 1983 wengi waliimba msako ulipopita kwa jirani, wakanyamaza ulipobisha kwao.

Twashauri basi kila tawi, katika Ngokolo na kwingineko, liweke desturi moja ndogo. Kila muswada wa jinai unapotangazwa, usomwe kwa sauti katika kikao kimoja, na maswali yaandikwe na kupelekwa kwa mbunge kabla ya kamati kukaa. Na mbunge akirudi, kabla ya kusoma taarifa yake ya madawati na mabati, aulizwe kwanza: ulisema nini?

Mzee wa Ngokolo angali akisubiri. Kesi ya mpwa wake itakwenda kama sheria inavyotaka, nasi hatutaingilia. Lakini swali lake si la mahakamani. Ni letu na la wale tuliowatuma, na litabaki bila jibu mpaka siku ambayo katika Taarifa Rasmi, mbele ya kila neno la ndiyo, pataandikwa jina la mtu.